Kusomea uuguzi wa wanyama hadi ngazi za juu ukiwa kazini Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, Kenya kuna cheo cha "muuguzi wa wanyama"?

Kazi ipo, lakini cheo chenyewe bado hakijasimama peke yake. Sheria ya mwaka 2011 inayosimamia taaluma hii inatambua makundi mawili: madaktari wa mifugo, na wataalamu wasaidizi, ambao wengi wao wana cheti au diploma ya afya ya wanyama. Wote wako chini ya Kenya Veterinary Board (KVB), ambayo ofisi yake iko Uthiru, upande wa Kabete. Yule mnayemwita "nesi" pale kliniki, anayemshika mbwa, anayeweka kanula (kijirija cha kwenye mshipa) na kukaa na mgonjwa mpaka azinduke, kwenye vitabu vya KVB ni mtaalamu msaidizi, au hayumo kabisa.

Kama humo, hilo ndilo la kwanza kushughulikia. Kozi za juu za nje ya nchi huuliza umesajiliwa na nani. Barua ya mwajiri inayosema una miaka sita ya uzoefu ni nzuri, lakini haiwezi kusimama mahali pa usajili.

Nina cheti tu. Ngazi zenyewe zimepangwaje?

Katika mfumo wa taifa wa sifa, cheti kiko ngazi ya 5, diploma ya 6 na digrii ya kwanza ya 7. Cheti na diploma za afya ya wanyama hufundishwa, miongoni mwa vyuo vingine, katika vyuo vya AHITI (taasisi za mafunzo ya afya ya wanyama) vya Kabete, Ndomba na Nyahururu. Kwa anayefanya kazi Nairobi, Kabete ndiyo karibu: matatu za Kikuyu zinazopita Waiyaki Way zinakufikisha.

Baada ya diploma, njia inagawanyika. Wengine wanalenga udaktari wa mifugo, yaani digrii ya miaka 5 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Upper Kabete. Hiyo ni ya mchana, ina maabara na mazoezi ya shambani, na haiendi pamoja na kazi ya kutwa. Anayekuambia utaisoma jioni anakudanganya. Wengine wanataka kubaki wauguzi na kuzama kwenye jambo moja: dawa za usingizi, wagonjwa mahututi, meno, lishe. Majibu mengi hapa chini ni ya kundi hilo la pili.

Sifa za juu za uuguzi wenyewe hupatikana wapi?

Kwa sasa nyingi ziko nje, na zinasomwa kwa mbali huku mazoezi yakifanyika kazini kwako. Mbili ndizo zinazoulizwa zaidi.

Uingereza kuna cheti cha uuguzi wa juu wa wanyama kinachosimamiwa na RCVS, chombo cha taaluma ya mifugo cha huko; cheti hicho kwa kifupi huitwa CertAVN. Ni krediti 60. Kwa hesabu ya Uingereza krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo ni saa 600 kwa jumla, ukihesabu kusoma, kuandika na mitihani. Ukikimaliza kwa miaka miwili ni saa 6 hivi kwa wiki. Ukijibana mwaka mmoja ni karibu 12.

Marekani kuna VTS, sifa ya mtaalamu bingwa miongoni mwa mafundi wa mifugo. Kila fani ina akademia yake inayotambuliwa na NAVTA, chama cha mafundi wa mifugo wa huko: ya wagonjwa mahututi, ya dawa za usingizi na maumivu, ya meno, ya tabia, na kadhalika. Hapa huendi darasani kama chuoni. Unaleta ushahidi wa miaka ya kazi katika fani hiyo, orodha ya kesi, ripoti ndefu za kesi na barua za wanaokujua, kisha ndipo unaruhusiwa kufanya mtihani. Ila mlango wa kwanza ni kuwa fundi aliyeidhinishwa kwa utaratibu wao. Aliyesomea Kenya lazima kwanza apite kwenye tathmini ya vyeti vya kigeni, inayoitwa PAVE, na mtihani wa kitaifa wa mafundi hao, VTNE. Usianze kukusanya kesi za VTS kabla hujaiandikia akademia husika na kupata jibu kwa maandishi kwamba watakupokea.

Kozi inasema ni "level 6". Si ndiyo diploma yangu?

Hapana, na hapa pesa nyingi hupotea. Ngazi ya 6 ya Kenya ni diploma. Ya Uingereza ni ya mwaka wa mwisho wa digrii. Nambari ni moja, uzito ni tofauti. Kinyume chake pia kipo: diploma ya uuguzi wa wanyama ya Uingereza inayomfanya mtu asajiliwe ni ya ngazi ya 3 kwao, na mtu akiitazama kwa macho ya Kenya ataidharau bure. Unapolinganisha kozi mbili, acha nambari, uliza mambo mawili: anayeingia anatakiwa awe na nini, na anayemaliza anaruhusiwa kufanya nini.

Nitajuaje kozi ya mtandaoni si karatasi tupu?

Kabla ya kutuma hata shilingi, andika barua pepe yenye maswali haya na usubiri majibu yaliyoandikwa: ni chombo gani cha serikali au cha taaluma kinachotambua cheti hiki? Mazoezi ya vitendo yanapimwa na nani, na anapimaje mwanafunzi aliye Nairobi? Je, aliyesajiliwa na KVB anaruhusiwa kujiunga, au ni wa nchi yenu tu? Nikisimama muhula mmoja, krediti zangu zinabaki?

Kisha peleka jibu hilo KVB uwaulize kama wataitambua sifa hiyo kwenye rekodi zako. Ulinganisho wa vyeti vya kigeni na ngazi za Kenya uko chini ya KNQA, mamlaka ya taifa ya sifa. Mambo haya hufanywa kabla ya kulipa karo. Akija mtu na cheti mkononi baada ya miaka miwili ya kukesha, na kumbe hakitambuliki, hakuna wa kumsaidia.

Kozi fupi za wikendi ni jambo jingine. Zinakupa pointi za mafunzo endelevu na ujuzi wa kweli, zifanye. Lakini vyeti kumi vya wikendi havijumlishwi vikawa sifa ya juu.

Kitabu cha kesi ni nini, na kwa nini kila mtu anakisisitiza?

Ni orodha ya wagonjwa uliowahudumia wewe mwenyewe, ikionyesha ulichokifanya kwa mikono yako. Kwenye VTS akademia kadhaa hutaka kesi zipatazo 50 na ripoti 4. Kwenye kozi za Uingereza kinaweza kuitwa jina lingine, lakini kazi ni ile ile. Sababu ya kukisisitiza ni kwamba sifa hizi zinapimwa kwa kazi uliyoiandika siku ile ile. Anayejua sana ila hakuandika, mbele ya mtahini ni sawa na asiyejua.

Tazama maandishi mawili ya kesi moja, mbwa jike wa kilo 18 aliyeletwa kutolewa kizazi.

La kwanza: "Nilisaidia upasuaji. Mgonjwa alikuwa sawa." Hilo halina kitu.

La pili: "Joto kabla ya dawa 38.4. Aisoflureni (gesi ya usingizi) 2.5%. Dakika ya 25 wastani wa presha ulishuka hadi 52, mapigo 118, fizi zimepauka kidogo, damu kurudi kwenye fizi sekunde 2. Nilirudia kipimo baada ya kukagua ukubwa wa kafu (mkanda wa kupimia presha), ikabaki 54. Nilimwarifu daktari. Kwa agizo lake nilishusha aisoflureni hadi 1.5% na kutoa dripu mililita 10 kwa kilo, yaani 180, ndani ya dakika 15. Dakika ya 40 wastani 68. Joto mwisho wa upasuaji 36.6. Nilimfunika na kumwekea chupa za maji ya vuguvugu zilizozungushiwa taulo, nikipima kila dakika 15 mpaka 37.5."

Mtahini anaona hapo mtu anayejua kwamba wastani chini ya 60 ni hatari kwa figo, aliyehakikisha kwanza kama kifaa hakidanganyi, aliyejua mpaka wake na daktari, na aliyefuata mgonjwa mpaka mwisho. Hata lile taulo lina maana: chupa ya moto ikigusa ngozi ya mnyama asiyejitambua humuunguza, na kidonda huonekana siku kadhaa baadaye.

Andika nini, lini, na wapi?

Andika kabla ya kuondoka kazini. Ukingoja wikendi utakumbuka daktari alisema nini, ila nambari zitakuwa zimeyeyuka. Daftari moja gumu linatosha, na jioni unanakili kwenye jedwali la kompyuta au la simu lenye safu hizi: tarehe, nambari ya mgonjwa, aina na uzito, tatizo, ulichofanya wewe, dawa na vipimo, kilichotokea, saini ya daktari.

Saini iombwe wiki ile ile. Madaktari huhama kliniki, na kumtafuta mtu aliyeenda Eldoret au Dubai ili akutilie saini kesi 30 za mwaka jana ni mateso.

Jina la mwenye mnyama, nambari yake ya simu na mtaa wake visiingie. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inamlinda mteja, na picha ya kidonda iliyopigwa kadi ya mteja ikionekana pembeni ni kosa. Pia muombe mwenye kliniki ruhusa ya maandishi ya kutumia rekodi zake kwa masomo.

Jambo la mwisho hapa: akademia nyingi hutaka kesi za kipindi maalumu tu kabla ya maombi. Kesi nzuri ya miaka mitatu iliyopita inaweza kukataliwa. Soma kitabu cha maelekezo cha mwaka unaoombea.

Kliniki yetu ni ndogo. Hatuna kipima-kabonidioksidi wala mashine ya presha.

Usiache kozi kwa sababu hiyo. Mambo mengi ya uuguzi wa juu ni macho, masikio na vidole: kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, kushika mshipa wa ndani ya paja huku ukisikiliza moyo ili kujua kama kila pigo linafika, kubonyeza ufizi na kuhesabu damu inavyorudi, kupima joto. Ukiyaandika hayo kila dakika 5 kutoka sindano ya kwanza hadi mnyama kuinua kichwa, una rekodi ya maana hata katika kliniki inayotumia ketamini, dawa ya usingizi ya sindano.

Lakini kozi ya dawa za usingizi itadai pia uonyeshe kwamba unasoma kabonidioksidi ya pumzi, inayotakiwa kuwa 35 hadi 45 mmHg. Kwa hiyo panga siku za kwenda kwingine. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo Kabete, na zipo hospitali binafsi zenye vifaa kamili upande wa magharibi mwa jiji. Peleka barua ya chuo, ya mwajiri na nakala ya usajili wako, ukitaja siku na ujuzi unaotafuta: "Jumanne nne, kufuatilia wagonjwa chini ya dawa ya usingizi." Barua ya "naomba kujifunza" hukaa mezani.

Hesabu gani niwe nazo vidoleni?

Dripu. Mbwa wa kilo 20 kwa mililita 60 kwa kilo kwa siku ni 1,200, yaani 50 kwa saa. Mrija wa matone 20 kwa mililita unatoa matone 1,000 kwa saa, karibu 17 kwa dakika. Paka wa kilo 4 kwa mililita 50 kwa kilo ni 200 kwa siku, kama 8 kwa saa. Ukitumia mrija wa matone 60, matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa, basi 8. Huyo paka ukimtundikia mrija wa matone 20 bila kubadilisha hesabu, umempa mara tatu. Paka mdogo hujaa maji mapafuni kwa kosa kama hilo.

Nguvu ya dawa. Asilimia 1 ni miligramu 10 kwa mililita. Zailazini, dawa ya kutuliza mnyama, ya 2% ina miligramu 20, ya 10% ina 100. Chupa zinafanana, na katika kliniki inayohudumia paka na ng'ombe zote mbili zinaweza kuwa rafu moja. Kosa hapo ni mara tano.

Glukosi. Kupata 5% kwenye chupa ya mililita 500 kutoka ile ya 50%, toa kwanza mililita 50 za maji ya dripu, ndipo utie 50 za glukosi.

Chakula cha mgonjwa aliyelazwa: 70 mara uzito uliopandishwa kwa kipeo cha 0.75. Kwa kilo 20 ni kama kilokalori 660 kwa siku. Kwenye kikokotoo cha simu: zidisha uzito × uzito × uzito, tafuta kipeuo cha pili (√) mara mbili, kisha zidisha kwa 70. Mgonjwa ambaye hajala siku kadhaa usimpe yote siku ya kwanza. Anza na theluthi.

Nitasoma saa ngapi na zamu hizi?

Saa 6 kwa wiki zigawe kwa zamu, si kwa siku. Baada ya zamu ya usiku ubongo hausomi, lala. Siku ya mapumziko toa saa 3 mfululizo asubuhi kwa kuandika, na zile nyingine 3 zivunje vipande vya nusu saa vya kupitia maelezo. Ndani ya matatu sikiliza rekodi za darasa ulizopakua ukiwa kwenye Wi-Fi, maana bando la video humaliza pesa haraka kuliko karo.

Saa za nje hukosesha watu vipindi. Darasa la saa moja jioni London ni saa nne usiku Nairobi wakati wa baridi yao, na saa tatu usiku wakati wa kiangazi, kwa kuwa wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Marekani husogeza kwa tarehe zao nyingine. Sisi hatusogezi. Siku ya mtihani wa mtandaoni, nunua tokeni za stima mapema, chaji kila kitu, uwe na bando la laini ya pili, na ujue nambari ya kumpigia msimamizi umeme ukikatika.

Bosi anapaswa kunipa likizo ya masomo?

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo, na siku moja ya kupumzika katika kila saba. Likizo ya masomo kwenye kliniki binafsi ni ya makubaliano. Kwa hiyo nenda kwake na pendekezo, si malalamiko: tarehe za mitihani za mwaka mzima, zamu unazoomba kubadilishana na mwenzako aliyekwisha kubali, na kile kliniki itakachopata. Kwa mfano fomu mpya ya ufuatiliaji wakati wa upasuaji, utakayoiandaa wewe na kuwafundisha wenzako.

Akikulipia, soma mkataba wa kubaki kazini. Miezi ngapi? Ukiondoka mapema unarudisha yote au sehemu inayopungua kila mwezi? Ya pili ndiyo ya haki. Mkumbushe pia kwamba mwajiri anayelipa ushuru wa mafunzo wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mfanyakazi kwa mwezi, anaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Ombi hilo hutangulia mafunzo.

Kuna mkopo?

HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, haiko kwa wanafunzi wa kutwa pekee. Imekuwa na mkopo wa walioajiriwa uitwao Jielimishe. Uliza kama kozi na chuo chako vinakubalika. Sacco ya kazini ni njia ya pili. Kwa karo ya nje ongeza kwenye bajeti yako gharama za benki na mabadiliko ya bei ya pauni au dola, na omba kulipa kwa moduli.

Kwa nini ripoti ya kesi hurudishwa?

Mara nyingi kwa sababu mwandishi ameeleza kazi ya daktari. Kurasa tatu za ugonjwa na upasuaji, halafu mstari mmoja wa uuguzi. Geuza: ugonjwa aya mbili, kazi yako kurasa zilizobaki, na kila tendo lifuatwe na sababu yake. Usiandike "alipewa dawa ya maumivu". Andika ulimpima maumivu kwa kipimo kipi, akapata alama ngapi, ulimwambia nani, na baada ya saa moja alama zilikuwa ngapi.

Kesi iliyoharibika haikatazwi. Mgonjwa aliyekufa, ukieleza wazi kilichoonekana, saa ngapi, na ungefanya nini tofauti, hufundisha na hupita. Kinachoangusha ni nambari zisizolingana: fomu inasema kilo 18, dozi imepigwa kwa kilo 20.

Nikifuzu nitaruhusiwa kupasua na kuandika dawa?

Hapana. Mipaka yako inabaki ile ya usajili wako wa KVB, na leseni inahuishwa kila mwaka kama kawaida. Kinachobadilika ni uzito wa kazi unayokabidhiwa na mshahara unaoweza kuudai.

Chanjo ya kichaa cha mbwa inahitajika kwa masomo?

Hospitali nyingi za mazoezi zitaiulizia, na hata zisipouliza, chanjwa. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa kujikinga mapema ni dozi mbili, siku ya 0 na ya 7. Ukiumwa na mnyama baadaye bado unaosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyo hiyo kwa dozi za nyongeza. Weka kadi yako ya chanjo kwenye faili moja na nakala ya usajili, maana vyote viwili huombwa asubuhi ya siku ya kwanza.